Bezaleli, Haruni na Kompyuta ya Mtaa Wetu

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 31:1–11, Kutoka 32:1–24, Malaki 3:13–18, Yohana 20:24–29.



Mwezi huu hatuwaletei mafundisho ya sikukuu, wala habari za safari ya Askofu. Twawaletea jambo lililotupata sisi wenyewe, halmashauri ya gazeti hili, pamoja na fundisho tulilolipata ndani yake. Tulijadiliana kwa muda mrefu kama inafaa kuliandika. Mwisho tukaona ya kuwa gazeti la kanisa likiandika mema tu ya watunzaji wake, si gazeti la kanisa tena, bali ni kioo cha kujitazamia.

Mnajua wote ya kuwa vijana wetu siku hizi wanafanya kazi ya kubuni na kuchora kwa kompyuta na kwa simu. Karatasi ya ibada ya kila Jumapili, mabango ya kuchangia ujenzi, kadi za Krismasi, ratiba za mazishi, hata jalada la gazeti hili mnaloshika mkononi, vyote vimetoka katika kazi yao. Wale wenye umri wanakumbuka zama za stensili na mashine ya kuzungusha kwa mkono, jinsi wino ulivyotuchafua mashati, na jinsi nakala za mwisho zilivyofifia hata maneno ya zaburi yakawa hayasomeki. Kazi ya leo ni safi zaidi. Hata hivyo mzee mmoja alitusimamisha mlangoni akatuuliza, “Hiyo kompyuta mliyoiweka sakristia ni chombo cha Mungu, au ni mchezo wa watoto?” Wakati ule tulimjibu upesi. Leo twataka kumjibu vizuri.

Jambo lililotupata

Paa la kanisa letu limechakaa. Mwaka uliopita tulitengeneza kijitabu kidogo cha kuwaomba ndugu na marafiki watusaidie kununua mabati. Tulitaka ndani yake picha ya ibada ya Pentekoste. Lakini siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, njia hazikupitika, na waliofika ibadani hawakujaza hata viti vya mbele. Picha ikaonyesha hali ilivyokuwa: viti vitupu, watu wachache waliojikunyata kwa baridi, na ndoo mbili zilizotegwa chini ya paa linalovuja.

Tulipoitazama tuliona haya. Tukasema, nani atatoa mali yake kulisaidia kanisa lisilo na watu? Tukamwambia kijana aliyekuwa akikitengeneza kijitabu, “Jaza kidogo.” Akatuuliza, “Nijaze kwa nini, wazee?” Tukamwambia atumie picha za Krismasi za miaka iliyopita, na hizo ndoo aziondoe, maana zinatia aibu. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akatutii, kama tulivyowafundisha vijana wetu kuwatii wakubwa. Akawakata watu katika picha za zamani, mmoja mmoja, akawaketisha katika viti vitupu. Picha ikapendeza sana. Wala hakuna kati yetu aliyetambua siku ile ya kwamba tumeziondoa ndoo, nazo ndizo sababu yenyewe ya kuomba mabati!

Kijitabu kikapigwa chapa, kikagawanywa. Jumapili ya pili yake, baada ya ibada, mama mmoja mjane alikuja sakristia akiwa nacho mkononi. Hakupaza sauti. Alikifungua, akaweka kidole juu ya mtu mmoja aliyekaa kiti cha tatu, upande wa kwaya. Akasema, “Wanangu, huyu ni mume wangu. Siku ya Pentekoste hii alikuwa amekwisha kulala kaburini karibu miezi mitatu. Nyinyi wenyewe ndio mliomwimbia. Mmemtoa wapi?”

Hatukuwa na la kusema. Kisha mmoja wetu akajibu, nasi wengine tukaitikia kwa kichwa: “Samahani sana, Mama. Ni kompyuta ndiyo iliyomweka.”

Mama yule alitutazama sote, akakifunga kijitabu, akaenda zake. Nasi tulibaki tumesimama na maneno yale kinywani, nayo yalikuwa machungu.

Fundi aliyejazwa Roho

Yatupasa kwanza kumjibu mzee wetu. Je, kazi ya kubuni na kuchora ni kazi ya Mungu? Fungueni Kutoka 31. Huko Bwana amwambia Musa ya kwamba amemwita kwa jina lake Bezaleli, mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila ya Yuda. Amwambia ya kuwa amemjaza Roho ya Mungu. Kwa ajili ya nini? Si kwa kuhubiri, wala kwa kupigana vita, bali kwa akili na maarifa ya kubuni kazi za ustadi: kufanya kazi ya dhahabu na fedha na shaba, kukata vito, kuchora miti. Tena akampa mwenzake, Oholiabu, mwana wa Ahisamaki, wa kabila ya Dani, kwa sababu kazi hiyo si ya mtu mmoja. Basi mbunifu aliyekaa na kazi yake asidhani ya kuwa Mungu humwona tu atakapoinuka kwenda kwaya. Mungu amemwona pale pale alipokaa.

Wala Kanisa letu halikuanza jana kutumia mitambo kwa Injili. Askofu Edward Steere wa Unguja, aliyefariki mwaka 1882, aliijua kazi ya kupiga chapa, na katika Misheni ile vijana waliookolewa katika utumwa walifundishwa kuzipanga herufi za risasi, moja baada ya moja, ili watu wasome Neno la Mungu kwa Kiswahili. Fikirini jambo hili: mtoto aliyekuwa ameuzwa kama mzigo, sasa mikono yake inapanga maneno ya Injili. Kijana wa leo apangaye zaburi kwenye kioo cha kompyuta ni mrithi wa watoto wale. Mzee wetu mpendwa, ndilo jibu letu. Kompyuta si mchezo, ikiwa aitumiaye anajua ameitwa na nani.

Haruni na moto wake

Lakini Biblia haikuishia sura ya 31. Geuzeni ukurasa mmoja tu. Musa angali mlimani akipokea maagizo juu ya Bezaleli na kazi yake, na huku chini watu wamechoka kungoja. Wanataka kitu cha kuonekana kwa macho. Wanamwendea Haruni, naye awaambia wazivunje pete za dhahabu masikioni mwa wake zao na watoto wao. Kisha Neno lasema wazi ya kuwa Haruni aliipokea ile dhahabu mikononi mwao, akaitengeneza kwa chombo cha kuchorea, akaifanya ndama.

Angalieni vema, wapendwa. Dhahabu ni ile ile waliyotoka nayo Misri. Ustadi ni wa namna moja. Sura moja yataja kazi ya hema ya kukutania, na sura ifuatayo yataja kazi ya sanamu. Tofauti haikuwa katika chombo wala katika mali. Tofauti ilikuwa hii: Bezaleli alifanya alichoagizwa na Mungu, na Haruni alifanya walichotaka watu waone.

Kisha Musa akashuka, akamwuliza nduguye kuhusu dhambi ile. Jibu la Haruni liko katika aya ya 24, na kama habari yenyewe isingekuwa ya kuhuzunisha, lingetuchekesha. Asema ya kuwa yeye aliitupa dhahabu motoni tu, na ndama akatoka mwenyewe! Chombo cha kuchorea hakitaji tena. Mikono yake haitaji. Ni moto ndio uliofanya.

Ndugu zetu, tuliposoma aya hiyo katika kikao chetu hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. “Ni kompyuta ndiyo iliyomweka.” Tulikuwa tumesema neno lile lile la Haruni, na tofauti yetu naye ni kwamba yeye alikuwa na moto, nasi tulikuwa na umeme.

Kwa maana kompyuta haimweki mtu kitini. Vijana wetu walitueleza jinsi inavyofanya kazi, nasi twawaeleza wale ambao hawajapata kuiona. Picha ndani ya kompyuta ni vitone vidogo sana, maelfu kwa maelfu, vilivyopangwa mistari mistari kama mbegu shambani. Kila kitone kina hesabu tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Kwa kawaida kila hesabu huanzia 0 na kuishia 255. Hesabu zote zikiwa 0, kitone ni cheusi. Zote zikiwa 255, ni cheupe. Basi! Mashine haijui ya kuwa vitone hivi ni uso wa marehemu na vile ni kiti. Yajua hesabu tu. Mwenye kujua uso ni mtu, na aliyeagiza uso uhamishwe ni mtu. Katika habari yetu waagizaji tulikuwa sisi.

Twasema haya kwa sababu kishawishi hiki kitazidi. Siku hizi ziko programu za akili mnemba ambazo mtu akiandika maneno machache hupewa picha nzima: kanisa ambalo halikujengwa, kusanyiko la watu ambao hawakupata kuzaliwa. Atumiaye programu kama hizo ataona rahisi zaidi kusema kama Haruni, ya kuwa yeye alitupa maneno tu, na picha ikatoka. Lakini mbele za Mungu swali la Musa halitaelekezwa kwa moto.

Mtu aliyefurahia kuonyeshwa makosa

Pengine mtu atasema, “Hayo ya kukubali makosa ni maneno ya mimbarani. Katika kazi za kompyuta nani anayafuata?” Kwa hiyo twapenda kuwapeni habari za mtu mmoja wa Marekani, ambaye wajuzi wa kazi hiyo ulimwenguni pote wanamheshimu, naye ni Mkristo wa Kanisa la Kilutheri. Jina lake ni Donald Knuth, aliyezaliwa mwaka 1938 katika mji wa Milwaukee. Baba yake alikuwa mwalimu, tena alikuwa na kazi ndogo ya kupiga chapa. Mwana akawa profesa wa elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, tena ndiye mwandishi wa kitabu kikubwa cha juzuu kadhaa juu ya ustadi wa kutunga programu. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1968.

Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za juzuu ya pili, iliyokuwa ikipigwa chapa upya. Wakati huo wapiga chapa walikuwa wakiziacha herufi za risasi na kushika njia mpya ya kupanga herufi kwa picha. Knuth alipoziona kurasa zile hakupendezwa, kwa maana zilikuwa duni kuliko za kwanza. Wengine wangenung’unika tu, kisha wakaacha. Yeye aliweka kando uandishi wa kitabu, akaanza kutunga programu mbili: TeX, ya kupanga kurasa, na Metafont, ya kuchora herufi. Alidhani itakuwa kazi ya muda mfupi. Ikamshika miaka kumi hivi.

Katika Metafont herufi haichorwi kama picha iliyoganda. Mchoraji huieleza kompyuta njia itakayopitwa na kalamu: ianzie wapi, ipinde wapi, iwe nene wapi na nyembamba wapi. Herufi S ilimpa taabu kubwa kwa mapindo yake, hata mwaka 1980 akatoa makala nzima juu ya herufi hiyo moja. Sisi twaiandika S mara mia kwa siku bila kuifikiri. Na programu zile alipozimaliza hakuziuza. Aliwapa watu bure, na hata leo wataalamu wa hisabati katika nchi nyingi huandika kazi zao kwa TeX.

Lakini jambo lililotuchoma mioyo ni hili. Knuth alitangaza ya kuwa mtu yeyote atakayemwonyesha kosa katika vitabu vyake atalipwa dola 2.56. Si dhihaka, kwa miaka mingi aliandika hundi kwa mkono wake na kuzipeleka. Wengi waliozipata hawakwenda nazo benki, bali walizitundika ukutani, maana waliona ni heshima kuliko fedha. Tena mwaka 1989 alitoa makala juu ya makosa yake mwenyewe katika kuitunga TeX, pamoja na orodha yake, mamia ya makosa, moja baada ya jingine, bila kumsingizia mtu wala mashine.

Wapendwa, wangapi kati yetu humshukuru atuonyeshaye kosa? Mama yule mjane alitufanyia kazi ambayo Knuth angeilipia, nasi tulimlipa kwa uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Bambo katika gunia

Mtu huyu hakuiweka imani yake chumba kimoja na kazi yake chumba kingine. Katika kanisa lake aliwaongoza wenzake kujifunza Biblia kwa njia iliyotoka katika hesabu. Mnunuzi wa mchele hamwagi gunia zima. Huchoma kwa bambo hapa na pale, akajua hali ya gunia. Ndivyo Knuth alivyofanya: alichukua sura ya tatu, aya ya kumi na sita, ya kila kitabu cha Biblia chenye aya hiyo, akaichunguza kwa bidii, akaitafsiri upya. Kila aya ikaandikwa kwa mkono na fundi wa mwandiko mzuri, kutoka nchi mbalimbali. Hermann Zapf, mchora herufi mashuhuri wa Ujerumani, alimsaidia kuwapata. Kitabu kikatoka mwaka 1991. Mkewe, Jill Knuth, naye alitoa kitabu mwaka 1986 juu ya bendera za kanisani zisizo na maneno. Akina mama wetu wa Umoja wanaoshona bendera watamtambua kuwa ni mwenzao.

Sisi nasi tulichoma bambo. Tukaenda Ufunuo 3:16, tukakuta Bwana akilikemea kanisa la Laodikia ambalo si moto wala baridi. Aya inayofuata yaeleza ugonjwa wao: walijiona matajiri wasiohitaji kitu, na kumbe ni maskini, vipofu, tena uchi. Ndilo kanisa linaloziondoa ndoo katika picha!

Kisha tukaenda Malaki 3:16. Huko twasoma ya kwamba waliomcha Bwana walisemezana wao kwa wao, naye Bwana akasikiliza, na kitabu cha ukumbusho kikaandikwa mbele zake kwa ajili yao. Hapo tulinyamaza. Ndugu yetu yule mwimbaji alimcha Bwana, na jina lake twaamini limeandikwa katika kitabu hicho tangu zamani. Hakuhitaji sisi tumketishe katika kiti cha uongo ili ahesabiwe kuwa ni wa kanisa hili. Yuko katika ushirika wa watakatifu, tunaoukiri kila Jumapili.

Yatupasayo

Basi tulifanya nini? Tulimwendea Mama nyumbani kwake, tukamwambia bila kuzunguka: “Si kompyuta, Mama. Ni sisi.” Tukamwomba radhi kijana naye, mbele ya wenzake, kwa kuwa tulimtia dhambini kwa amri ya wakubwa. Kisha tukawaandikia wote waliopelekewa kijitabu, tukaeleza ukweli, tukatia ndani picha ya kwanza yenye viti vitupu na ndoo zake. Rafiki mmoja aliyekuwa ameahidi mabati mengi aliiondoa ahadi yake, wala hatuwezi kumlaumu. Kwa sababu hiyo upande mmoja wa paa ungali unavuja, nanyi mkaao upande huo mnajua. Kusema kweli kumetugharimu. Twaomba mtuvumilie, na tuchangie wenyewe kwa wenyewe.

Pamoja na hayo tumekubaliana na vijana haya yafuatayo, nayo yamebandikwa ukutani karibu na kompyuta:

Kwanza, picha ya tukio iandikwe mahali na tarehe. Yaweza kunyoshwa au kutiwa mwanga ili ionekane vema, lakini mtu asiongezwe wala asiondolewe.

Pili, mchoro uitwe mchoro. Picha iliyobuniwa, iwe kwa mkono au kwa akili mnemba, isitolewe kama kwamba ni jambo lililotokea.

Tatu, kabla ya kupiga chapa, karatasi isomwe na watu wawili, hasa majina ya marehemu na ya watoto wanaobatizwa. Hata alama ndogo ya ng’ isisahauliwe, kwa maana jina la mtu likiandikwa vibaya ni kama kumwita mtu mwingine.

Nne, tusitumie programu za kuibwa. Amri ya nane haikuondolewa kwa sababu kitu chenyewe hakishikiki mkononi. Ziko programu zinazotolewa bure na kwa halali, kama vile GIMP ya picha, Inkscape ya michoro na Scribus ya kupanga kurasa.

Tano, ukurasa wa mwisho wa gazeti hili utakuwa na sehemu iitwayo “Tulikosea”. Atakayetuonyesha kosa hatuna dola za kumpa, ila tutamshukuru kwa jina.

Nanyi wazazi, mkimwona kijana ameinama juu ya kazi ya kuchora hata usiku, msiseme upesi ya kuwa anapoteza wakati. Mwulizeni anachora nini, na kwa ajili ya nani. Nanyi vijana, siku mtakapoambiwa na wakubwa “jaza kidogo”, mtukumbushe waraka huu. Kutii wakubwa ni amri. Kumtii Mungu ni amri iliyo kubwa zaidi.

Picha ya pili

Tumalizie kwa jambo moja. Tulipokwenda kwa Mama yule alitusamehe, kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani yake ilikuwa picha ya mumewe, ya zamani, akiwa amevaa kanzu ya kwaya. Ilikuwa imechanika katikati, na unyevu ulikuwa umeila pembeni. Akampa kijana wetu, yule yule, akasema, “Mwanangu, kama mashine yako inaweza kumweka mahali asipokuwapo, nitengenezee hapa alipokuwapo.”

Kijana aliifanya kazi hiyo majuma mawili, kitone kwa kitone. Aliunga palipochanika, akaondoa madoa ya maji. Juu ya jicho la kushoto la marehemu palikuwa na kovu, ambalo wengi wenu mwalikumbuka. Kijana alitueleza ya kuwa ingekuwa rahisi kulifuta, na uso ungependeza zaidi. Hakulifuta. Tulipomwuliza kwa nini, alisema ya kuwa doa la maji liliingia katika karatasi, lakini kovu lilikuwa la mtu mwenyewe.

Wapendwa, Bwana wetu alipofufuka alikuwa na mwili wa utukufu. Angeweza kuwatokea wanafunzi wake bila alama yoyote. Lakini alimwonyesha Tomaso mikono yake na ubavu wake, na majeraha yalikuwapo bado. Mungu hakuona haya kwa makovu ya Mwanawe. Kwa makovu hayo Tomaso alimjua, akamkiri kuwa Bwana wake na Mungu wake. Mbona sisi tuone haya kwa viti vitupu na ndoo mbili?

Mama alipoipokea picha aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kitambo kirefu. Akasema neno moja tu: “Ndiye.”

Tuombe

Ee Mungu Mwenyezi, uliyemwita Bezaleli kwa jina lake na kumjaza Roho yako kwa kazi ya mikono, uwabariki wote wabunio na kuchora katika Kanisa lako. Utusamehe sisi tuliopenda kuonekana kuliko kuwa. Utupe moyo wa kukubali makosa yetu na kumshukuru atuonyeshaye. Uwape raha ya milele ndugu zetu waliolala, ambao majina yao yamo katika kitabu chako. Na siku ile utakapotuuliza juu ya kazi ya mikono yetu, utujalie tusiusingizie moto. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Bwana,
Halmashauri ya Gazeti la Mtaa